Bamba la Chini ya Jetiski ya Kusimama: Namna ya Kulichagua

Ukitaka kujua mtu anaifahamu jetiski yake ya kusimama kiasi gani, usimuulize injini ina nguvu ya farasi wangapi. Hilo kila mtu analijua. Muulize mara ya mwisho alikilaza chombo ubavu na kukagua kitako chake ilikuwa lini. Wengi hutumia fedha kwa vitu vinavyoonekana: usukani mpya, vishikio vya rangi, mkeka wa kusimamia, bomba la moshi lenye mlio. Bamba lililo chini ya pampu, ambalo huamua omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, litulie au lidunde, na kona ikatike au ikupige chenga, linabaki lile lile lililotoka kiwandani, na pengine limechubuka tangu zama za mwenyewe wa kwanza.

Wauzaji huliita raidipleti. Humu nitaliita bamba tu. Maelezo haya ni ya jetiski za kusimama, zile za ukoo ulioanza sokoni na Kawasaki mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ambao leo unatambulika zaidi kwa Yamaha SuperJet na Kawasaki SX-R. Zile za kukaa zina mambo yake, na nitazigusa mara moja tu kwa ajili ya onyo.

Kwanza tujue bamba liko wapi. Pampu ya jetiski imelala ndani ya mfereji uliochongwa kwenye kitako, upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo. Mbele ya mfereji kuna wavu ambao maji huingilia. Impela huyasukuma, nayo hutoka kwa nguvu kwenye nozeli ya nyuma. Kuanzia wavu unapoishia hadi karibu na nozeli, bamba ndilo linalofunika mfereji kwa chini. Mtu akilitazama haraka atadhani ni kifuniko tu cha kuzuia mawe.

Ni zaidi ya kifuniko. Chombo kikiwa polepole, kitako chote kimekaa majini na bamba halina la kusema. Ukifungua mafuta, chombo hupanda juu ya maji na kuanza kuteleza, na kadiri kasi inavyoongezeka ndivyo sehemu inayogusa maji inavyopungua kuelekea nyuma. Ukifika kasi kubwa kwenye maji tulivu, chombo pamoja na wewe mnakaribia kubebwa na eneo dogo la tezi, na bamba ni sehemu kubwa ya eneo hilo. Hapo ndipo mabadiliko ya milimita chache huhisiwa magotini.

Kwenye jetiski ya kusimama jambo hili ni kali kuliko kwenye ile ya kukaa, kwa sababu ya uzito wako. SuperJet ya injini ya cc 701 iliyotengenezwa kuanzia 2008 ina uzito wa takriban kilo 139 ikiwa haina mafuta. Mpandaji wa kilo 80 ana zaidi ya nusu ya uzito wa chombo chake, na amesimama nyuma kabisa, juu ya pampu. Akirudisha mguu shubiri moja, uwiano wote umebadilika. Kwa hiyo, kabla hujalilaumu bamba, jiulize unasimamaje. Anayejifunza huwa na tabia ya kuegemea nyuma na kuning'inia kwenye mkono wa usukani. Omo linainuka, linadunda, naye anakwenda kuuliza bei ya bamba refu. Asogee mbele kidogo, akunje magoti, kisha aone.

Sasa tuje kwenye bamba lenyewe. Lina mambo matatu yenye uzito: mwelekeo wake, urefu wake, na umbo la uso wake wa chini. Nayaweka kwa mpangilio huo makusudi, kwa kuwa la kwanza karibu halina gharama ilhali watu hukimbilia la pili.

Mwelekeo ni jinsi bamba lilivyoinama likilinganishwa na kitako. Ukingo wake wa nyuma ukishuka chini ya mstari wa kitako, maji yanayopita huusukuma juu, tezi huinuka, na omo hulazimika kushuka. Chombo kinatulia, kinashika mstari, lakini eneo linalogusa maji linaongezeka na kasi ya mwisho inapungua kidogo. Ukizidisha, omo linakuwa zito, linachimba mawimbi na kung'ang'ania maji kwenye kona kiasi cha kukurusha upande wa nje. Ukingo wa nyuma ukipanda, mambo yanageuka: tezi inakaa chini, omo linakuwa jepesi, chombo kinateleza kwa eneo dogo zaidi na kinaweza kukimbia zaidi, mpaka pale omo linapoanza kudundadunda, juu chini, juu chini, nawe unalazimika kupunguza mafuta. Kasi unayoshindwa kuitumia haina faida, kwa hiyo usidanganywe na takwimu ya mtu aliyekimbia mara moja kwenye maji kama kioo.

Mwelekeo hubadilishwa kwa washa, vile vibati vya mviringo vyenye tundu katikati. Ukiziweka kwenye boliti za nyuma, kati ya bamba na chombo, ukingo wa nyuma unashuka, kama unavyotia kabari chini ya mguu wa meza. Anza na unene wa milimita moja. Usianze na tatu. Na kumbuka kwamba kila milimita ya washa imekula milimita ya uzi wa boliti ulioshika ndani. Washa zikinenepa, tafuta boliti ndefu kidogo, lakini zisiwe ndefu hata zikagonga mwisho wa tundu, kwani hapo utakaza ukidhani bamba limebana kumbe boliti ndiyo iliyofika ukutani. Washa za mbele zinahitaji uangalifu zaidi. Ukilishusha bamba kwa mbele unatengeneza ngazi pale maji yanapotoka kwenye kitako kuingia kwenye bamba, na ngazi hiyo huvuruga maji na kuleta upinzani. Ukilazimika kufanya hivyo, jaza nafasi na uilainishe.

Urefu ndio unaozungumzwa sana. Bamba refu linalopita nyuma ya lile la kiwandani huongeza urefu wa sehemu inayobebwa na maji. Omo hutulia kwenye kasi, mstari hunyooka, na mpandaji mzito hupata kitu cha kumshikilia. Gharama yake ni kwenye kugeuka: tezi haitaki tena kuteleza, kuinua omo kwa ajili ya kuruka kunahitaji mgongo zaidi, na katika kona za ghafla chombo kinajihisi kirefu kuliko kilivyo. Bamba fupi ni kinyume chake. Tezi ni huru, omo linainuka kwa wepesi, chombo kinazunguka mahali pamoja. Lakini ukinyoosha njia na kufungua mafuta yote, jiandae kudunda.

Umbo la uso wa chini ni somo la tatu. Bamba la bapa kabisa huteleza kwa pande zote. Wanaocheza wanalipenda, wanaoshindana hawalipendi. Lenye kingo zilizoshuka pembeni, au mistari iliyoinuka kutoka mbele hadi nyuma, huyashika maji na kuizuia tezi isikimbie kwenye kona. Mengine yana mfereji katikati wa kuyaongoza maji yaende nyuma moja kwa moja. Hapa hakuna bora na duni, ila usitazame bamba peke yake. Wavu wa mbele na mapezi ya pembeni hufanya kazi ile ile ya kuishika tezi majini. Ukiweka wavu wenye midomo ya kuchota maji, mapezi makubwa, na bamba lenye kingo kali kwa siku moja, chombo kitashika maji hata usipotaka, na hutajua ni kipi kati ya vitatu ulichopaswa kukirudisha dukani.

Hapo kuna kosa ninaloliona mara nyingi kwa wanunuzi: wanaanza na jina la mtengenezaji. R&D ina sifa, Worx ina sifa, na zote zinatengeneza mabamba ya kuaminika. Lakini bamba zuri la mashindano kwenye chombo cha mtu anayeruka mawimbi ni fedha iliyopotea. Anza na maradhi, ndipo utafute dawa.

Maradhi yanayojulikana zaidi ni omo kudundadunda kwenye maji tulivu ukiwa umefungua mafuta yote. Kagua unavyosimama, kisha kagua kama kuna maji yaliyoingia ndani ya chombo, maana maji yaliyokusanyika nyuma ni uzito wa ziada juu ya pampu. Zipo jetiski kongwe ambazo povu lililojazwa ndani ya mwili wake limenyonya maji miaka mingi, zikaongezeka kilo nyingi bila mwenyewe kujua. Hiyo hakuna bamba litakaloiponya. Yote hayo yakiwa sawa, weka washa za nyuma. Ukiona nafuu lakini haitoshi, sasa una sababu ya kununua bamba refu.

Tezi ikiteleza kwenye kona wakati unataka ishike, tatizo ni la kingo, si la urefu. Tafuta bamba lenye kingo pembeni, au anza na mapezi. Chombo kikikataa kugeuka na omo likizama kwenye kila wimbi, ukingo wa nyuma wa bamba uko chini mno. Pengine aliyekuuzia aliweka washa asikuambie. Chombo kikiyumba ubavu hadi ubavu kwenye kasi, pima kama bamba limekaa sawa kushoto na kulia, maana tofauti ndogo kati ya pande mbili inatosha.

Liko jingine ambalo watu hulihesabu ni la bamba na mara nyingi si lake: injini inapiga kelele, mzunguko unapanda, lakini chombo hakisukumwi. Hiyo ni pampu kula hewa. Huenda impela imeliwa, au pete inayoizunguka imechakaa hadi nafasi imekuwa kubwa. Bamba linahusika pale tu lilipofungwa bila kuzibwa vizuri, hewa ikapata njia ya kuingia kwenye mfereji. Kwenye Ziwa Viktoria ongeza sababu nyingine: gugu maji likijikunja kwenye wavu au kwenye shafti, pampu inanyimwa maji, na hakuna bamba duniani la kusaidia.

Baada ya maradhi, tazama maji yako na mchezo wako. Mashindano ya mzunguko wa maboya, kama yale ya dunia ya IJSBA yaliyofanyika kwa miaka mingi katika Lake Havasu City, Arizona, yanataka chombo kinachokimbia bila kudunda na kukata kona kikiwa kimeshika maji. Maji yenyewe yamechafuliwa na waliotangulia, kwa hiyo pampu isiyokaa majini haifai. Hapo bamba refu lenye kingo lina haki yake. Ukitaka kushindana, soma kanuni za daraja lako kabla ya kulipa, kwani madaraja hayaruhusu mabadiliko sawa.

Anayeruka mawimbi yanayovunjika, akageuza chombo hewani na kutua atakavyojaliwa, anataka bamba fupi, bapa, lisilo na ukali. Kingo kali zikigusa maji kwanza wakati chombo kinatua kikiwa kimeinama, huyanasa na kukigeuza ghafla. Aidha, mchezo huo humwangusha mpandaji karibu na chombo chake, na chuma chenye ukali kikiwa nyuma si rafiki wa mguu.

Kwenye pwani yetu kuna hali mbili. Wakati wa kaskazi, ndani ya mwamba, maji huweza kulala hata ukafungua mafuta yote kwa raha, na hapo dosari ya kudunda inajitokeza. Wakati wa kusi, bahari ina vijiwimbi vifupi vilivyosongamana, na omo lililoshushwa mno litakunywesha chumvi. Kwa anayepanda mwaka mzima, bamba lenye urefu wa wastani, ambalo mwelekeo wake unabadilishwa kwa washa, lina maana kuliko bamba lililobobea kwa hali moja. Na kabla ya mengine yote, kaa mbali na waogeleaji, wavuvi na hifadhi za bahari.

Kuhusu kile bamba linachotengenezwa nacho, sina maneno mengi. Alumini ndiyo iliyoenea, na kwa wengi inatosha. Ya kumiminwa kwenye kalibu ni ya bei nafuu; iliyochongwa kutoka kipande kizima ni sahihi zaidi na ghali zaidi. Kaboni ni nyepesi na haiozi, lakini ukiiburuta kwenye mchanga wenye makombe kila Jumapili utailipia tena. Wapandaji wa ufukweni wasiokuwa na gati wanapaswa kufikiria mikwaruzo kabla ya gramu.

Chumvi, kwa upande mwingine, inastahili maelezo zaidi. Boliti za chuma cha pua zikikutana na alumini ndani ya maji ya bahari, hutokea mkondo mdogo wa umeme kati ya metali hizo mbili, na alumini ndiyo inayoliwa. Utauona unga mweupe ukizunguka vichwa vya boliti. Ukiuacha, siku ya kufungua boliti haitoki, na ikitoka inatoka na uzi wa ndani. Kila boliti ipakwe grisi ya kuzuia kuganda kabla ya kurudishwa. Kila ukitoka baharini, suuza kitako na pampu kwa maji baridi. Na walau mara moja kwa msimu, legeza boliti zote, zipake upya, uzirudishe, hata kama hakuna kilichoharibika.

Ukipata bamba, hakikisha kwanza ni la mwaka wa chombo chako. Yamaha ilibadilisha umbo la SuperJet mwaka 1996, ikalibadilisha tena mwaka 2008, na ile ya 2021 yenye injini ya mipigo minne ni chombo kingine kabisa. SX-R ya 2003 hadi 2011 na SX-R ya 2017 zina jina moja na hazina udugu chini ya kitako. Anayekuuzia mtumba akikuambia bamba linaingia kwenye zote, muulize picha ya matundu ya boliti na vipimo vya kati ya tundu na tundu. Bamba jipya ni mamia ya dola kabla ya usafirishaji na ushuru. Kulirudisha Marekani au Dubai kwa sababu ya matundu kutakugharimu tena.

Kufunga ni kazi ya nusu siku kwa mtu mwenye spana na subira. Toa betri na kamba ya kuzimia injini kabla mkono wako haujakaribia pampu. Injini ya mipigo miwili, ile inayounguza oili pamoja na petroli, inaweza kulazwa ubavu, lakini fuata kibandiko kilichoko nyuma kinachoonyesha upande wa kukizungushia chombo: ukikosea, maji yaliyobaki kwenye bomba la moshi huweza kurudi hadi ndani ya injini. Ya mipigo minne ina oili chini yake, na haifai kulazwa hovyo. Heri kuinyanyua juu ya stendi na kufanya kazi kutokea chini. Funga bomba la mafuta, au fanya kazi hii tangi likiwa na petroli kidogo tu.

Ukishafungua bamba la zamani, kwangua silikoni yote ya zamani. Kagua matundu yenye uzi yaliyozikwa kwenye faibaglasi. Yakizunguka pamoja na boliti, yatengenezwe kwanza. Weka bamba jipya bila silikoni, lifunge kwa mkono, kisha geuza usukani kulia na kushoto hadi mwisho kuona kama nozeli inaligusa. Mabamba yenye kingo za juu au yaliyorefuka yanaweza kugusa, na usipoligundua nchi kavu utaligundua mbele ya boya.

Sasa chukua rula ndefu ya chuma, ilaze kwenye kitako kutoka mbele ya bamba kwenda nyuma, upande wa kushoto na upande wa kulia. Andika nafasi iliyopo kati ya rula na ukingo wa nyuma. Vipimo hivi ndivyo utakavyorudia ukitaka kujua ulianzia wapi, na watu wengi hawaviandiki. Pande mbili zilingane. Makutano ya kitako na bamba yawe laini kiasi kwamba ukucha haukwami.

Ukingo wa nyuma wa bamba uwe umenyooka na wenye pembe safi. Maji yanatakiwa kuachana na bamba hapo mara moja. Ukingo uliojikunja kwa kugonga mawe, au uliolainika kwa miaka ya mchanga, huyaacha maji yajipinde na kupanda, na upinzani unaongezeka. Tupa ya chuma na muda kidogo vinatosha kuunyoosha. Mara nyingine kazi hii peke yake kwenye bamba la zamani hurudisha kasi ambayo mtu alidhani imekwenda na injini. Pembe safi lakini isiwe wembe: yasugue makali mpaka yasikate ngozi.

Malizia kwa silikoni ya vyombo vya baharini kwenye ukingo wa mbele na pembeni, ili hewa isipate njia. Kaza boliti kwa kupishanisha, kidogo kidogo, na kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha chombo. Faibaglasi haisamehi mkono mzito. Iache silikoni ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye bomba lake. Ukitoka majini mara ya kwanza, pitia boliti zote tena.

Na lile onyo nililoahidi: Sea-Doo za kukaa zenye injini ya Rotax ya mipigo minne hupozwa kwa kimiminika kinachozunguka ndani ya bamba lenyewe, nalo hupozwa na bahari. Bamba hilo ni sehemu ya mfumo wa kupoza injini. Fundi aliyezoea SuperJet asilifungue akidhani ni kipande cha chuma tu, wala asiendeshe injini hiyo nchi kavu akiamini mpira wa maji ya bomba unaoingia kwenye bomba la moshi unapoza kila kitu.

Kujaribu nako kuna adabu yake. Badilisha jambo moja kwa safari moja. Pima kwa maji yale yale, mpandaji yule yule, na kiasi kile kile cha mafuta. Tangi la SuperJet ya mipigo miwili lina lita 18 na liko mbele ya injini. Likijaa, ni takriban kilo 13 za petroli zinazolikandamiza omo. Ukijaribu bamba la zamani tangi likiwa karibu tupu na bamba jipya tangi likiwa limejaa, utalisifu bamba kwa kazi iliyofanywa na petroli. Simu yenye kipima kasi cha setilaiti, ikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, inatosha. Andika kasi ya juu, lakini andika pia jambo ambalo simu haiwezi kulipima: ulifungua mafuta yote kwa muda gani bila kulazimika kupunguza.

Ukiniuliza ningenunua nini, jibu langu linategemea chombo. Kwa SuperJet ya 701 inayotumika kwa burudani, ningeanza na tupa, rula na washa mbili kwenye bamba la kiwandani. Kudunda kukibaki, ningenunua bamba la alumini lililorefuka kidogo, lenye kingo za wastani, na ningebadilisha wavu baadaye, si siku hiyo hiyo. Kwa SX-R ya 800, ile ya 2003 hadi 2011, hivyo hivyo, ila mpandaji wa zaidi ya kilo 90 anaweza kwenda kwenye bamba refu bila kusita. SuperJet ya 2021, yenye kilo takriban 170, na SX-R ya 1500, ile iliyoanza 2017, yenye kilo 250 ikiwa na mafuta na urefu wa zaidi ya mita mbili na nusu, zimetulia vya kutosha zilivyo. Humo ningeacha bamba la kiwandani mpaka nianze kushindana. Na kwa anayetaka kuruka mawimbi: bamba fupi, bapa, la bei ya chini, kwa sababu utalivunja.

Kama bado unajifunza kusimama, usinunue lolote. Tia petroli, vaa jaketi la kuokolea, funga kamba ya kuzimia injini mkononi, uende ukapande.